Pungufu ya Si Kitu

Katika nchi ya Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, pana mahali paitwapo Narung'ombe. Jina lake limeingia katika vitabu vya vita kwa sababu ya visima. Tarehe 19 Julai 1917 majeshi ya Waingereza yaliyoshuka kutoka upande wa Kilwa, yakiongozwa na Jenerali Beves, yalipigana hapo na Wajerumani waliokuwa chini ya Kapteni von Liebermann. Kilichogombewa kilikuwa maji, kwa kuwa nchi ile hukauka wakati wa kiangazi, na jeshi lisilo na kisima haliwezi kusonga mbele wala kukaa. Nyuma ya askari walikuwapo watu wengine, ambao vitabu hivyo huwataja kwa haraka: wapagazi. Katika vita vile vya Afrika ya Mashariki idadi yao iliwazidi askari mara nyingi, na kama kulikuwa na watu waliojua maana ya uzito kwa shingo na magoti yao, ni hao.

Basi na awekwe mmoja wao mbele ya swali ambalo wanafizikia wamekuwa wakiulizana, ili swali lenyewe lisielee hewani. Mpagazi anapandisha mzigo kichwani. Je, yawezekana kuwapo mzigo ambao tungamo lake ni pungufu ya si kitu? Haikusudiwi mzigo mwepesi kama pamba, wala debe lililomwagwa likabaki tupu. Unakusudiwa mzigo ambao, ukitiwa katika daftari, hauna budi kutanguliwa na alama ya kutoa. Wataalamu huliita jambo hilo tungamo hasi.

Msomi wa hesabu atakuwa wa kwanza kujibu, maana alama ya kutoa haimtishi. Brahmagupta wa Bara Hindi, alipoandika kanuni za namba hasi mwaka 628, alizieleza kwa mfano wa mali na deni, na mfanyabiashara yeyote wa pwani angalimwelewa bila kufundishwa. Lakini deni halithibitishi neno. Mtu anayedaiwa shilingi kumi hana mfukoni shilingi kumi zilizo pungufu ya si kitu. Mfuko wake ni mtupu tu, na shilingi kumi zenyewe, halisi na za kuhesabika, ni haki ya mtu mwingine. Alama ya kutoa katika daftari lake ni kivuli cha mtu wa pili, ambaye jina lake halikuandikwa katika ukurasa ule. Je, ndivyo ilivyo kwa tungamo pia, au maumbile yana deni lisilo na mdai?

Tungamo lina kazi tatu, ingawa katika maisha ya kila siku hazitengwi. Kwa kazi ya kwanza, kitu hubisha kinaposukumwa: jiwe kubwa huchelewa kuanza mwendo kuliko dogo. Kwa kazi ya pili, kitu huitikia mvutano wa dunia, nasi tukauita mwitikio huo uzito. Kwa kazi ya tatu, kitu chenyewe huvuta vingine, kama dunia inavyouvuta mwezi. Katika kila kitu kilichowahi kupimwa kazi hizi tatu hulingana, na katika kila kitu kilichowahi kupimwa namba yake ni chanya, yaani juu ya sifuri.

Mwaka 1957 Hermann Bondi, mwanahisabati aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi yake Uingereza, aliuliza kama nadharia ya uhusianifu ya Einstein inakataza namba hiyo kuwa chini ya sifuri. Akaona kwamba haikatazi. Katika majibu ya milinganyo ile tungamo huingia kama namba ambayo mwenye kuhesabu huijaza mwenyewe. Tunajaza namba chanya kwa sababu ndiyo tuliyoizoea, wala mlinganyo haulalamiki ukijazwa nyingine.

Hapa watu wengi hukosea. Hudhani kwamba jiwe la tungamo hasi lingepaa mawinguni. Hasha. Likiachwa juu ya kisima cha Narung'ombe lingetumbukia ndani kama jiwe lolote. Dunia ingelisukuma kwenda juu, ni kweli, lakini jiwe hilo hujibu kila msukumo kwa kwenda kinyume chake; kwa hiyo likisukumwa juu hushuka. Kinyume mara mbili hurudi kuwa sawa. Anayepata taabu ni mpagazi. Mzigo wa kawaida hauanguki kwa sababu kichwa chake huusukuma juu. Mzigo huu, kadiri kichwa kinavyousukuma juu, ndivyo unavyozidi kushuka na kukikandamiza. Ili utulie ingempasa auvute chini kama mtu avutaye kamba ya ndoo. Mwenye kumhurumia na kumsaidia kuinua angemwongezea mateso.

Jambo la ajabu zaidi hutokea vitu viwili vinapokutana mahali pasipo na dunia ya kuvivuta, kimoja cha tungamo la kawaida na kingine cha tungamo hasi, namba zao zikilingana. Kile cha kawaida huvuta kila kitu, kwa hiyo kile cha hasi hukijia. Kile cha hasi hufukuza kila kitu, kwa hiyo kile cha kawaida hukikimbia. Mmoja hufuata, mmoja hukimbia, umbali kati yao haupungui wala hauongezeki, na mbio zao huzidi daima, bila mafuta, bila upepo, bila mkono wa kusukuma. Akili hukataa, lakini daftari halikatai. Kiasi cha mwendo cha mmoja ni chanya na cha mwenziwe ni hasi, na jumla yake ni sifuri kama ilivyokuwa mwanzo. Nishati ni vivyo hivyo. Mkaguzi wa hesabu angetia sahihi yake na kwenda kunywa chai.

Mwanafunzi apaswa kutua hapa kabla ya kuendelea. Tangu shule ya kwanza amefundishwa kwamba hesabu ikisawazika kazi imekwisha. Hapa pana hesabu iliyosawazika bila kosa hata moja, na ndani yake mna mwendo usio na sababu wala mwisho. Kusawazika kwa daftari kunaonyesha kwamba ukurasa haupingani na nafsi yake. Hakuonyeshi kwamba kila aliyehusika ameandikwa.

Mfano wa jambo hilo haupo mbali na visima vile. Ardhi ya Ruangwa ina madini ya kinywe, jiwe jeusi lile lile litiwalo katika penseli, ambalo siku hizi hutafutwa kwa ajili ya betri. Kinywe ni kaboni tupu, iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, na katika kila tabaka atomi zimejipanga kwa safu zisizopotoka. Katikati ya safu hizo hupita elektroni, ndizo zichukuazo umeme. Na baadhi ya elektroni hizo, mtu akizisukuma kwa umeme kwenda mbele, huongeza mwendo kwenda nyuma. Mtaalamu akitaka kuandika mwendo wake kwa kanuni ya kawaida, nguvu upande mmoja na mchapuko upande wa pili, analazimika kuipa elektroni tungamo lenye alama ya kutoa. Huo si uzushi wa mshairi. Dalili yake ya kwanza ilionekana katika karne ya 19, baada ya Edwin Hall kugundua mwaka 1879 namna ya kutambua kwa sumaku ni umeme wa aina gani unaopita katika madini. Baadhi ya metali zilitoa jibu la kinyume, kana kwamba umeme ndani yake ulichukuliwa na kitu chanya, na hakuna aliyeweza kueleza sababu mpaka Rudolf Peierls alipoieleza mwaka 1929. Leo kila simu iliyomo katika mfuko wa kijana wa Nachingwea inafanya kazi kwa tabia hiyo hiyo, katika silikoni badala ya kinywe.

Basi tungamo hasi limepatikana? Sharti iulizwe elektroni ile inafanya nini. Elektroni husafiri kama wimbi. Mwendo wake unapofika kiasi fulani, wimbi hilo hugonga safu za atomi na kurudishwa, kama mawimbi ya bahari yanavyorudishwa na ukuta wa gati. Mtu akiisukuma mbele kidogo, anaisogeza karibu zaidi na kiasi kile, na safu za atomi huirudisha nyuma kwa nguvu kuliko alivyoisukuma. Tungamo la elektroni yenyewe halikubadilika hata chembe. Ni lile lile alilonalo kila dada yake ulimwenguni, nalo ni chanya. Ila mwenye kuhesabu aliandika elektroni na msukumo wake, na atomi zile, ambazo ni nyingi na nzito na ndizo zilizopokea msukumo na kuujibu, hakuziandika. Alifanya hivyo kwa ruhusa, maana kuziandika zote kusingewezekana. Lakini ziliposahauliwa hazikutoweka. Zilirudi katika daftari zikiwa alama ya kutoa.

Ikiwa ndivyo, swali la tungamo hasi halimhusu mwanafizikia peke yake. Na arudishwe mpagazi. Ichukuliwe kwamba amebeba ratli 60 za unga, na posho yake ni ratli mbili kwa siku. Akienda siku tano na kurudi siku tano, amekula ratli 20 na kufikisha 40. Akienda siku kumi, amefikisha 20. Akienda siku 15, hakufikisha kitu; amejibeba tu. Akienda siku 20, safari nzima inataka ratli 80, na alichofikisha, kwa hesabu iliyo sahihi, ni ratli 20 za hasi. Hapa pana tungamo pungufu ya si kitu, limeandikwa kwa kalamu ya afisa wa ugavi. Nalo lina maana gani? Unga ulio chini ya sifuri hauwezi kumwagwa katika gunia. Ratli zile 20 zilitoka mahali: katika kichwa cha mpagazi mwingine aliyetumwa nyuma ya huyu, au katika ghala la kijiji kilichokuwa njiani, au katika mwili wa mpagazi mwenyewe aliyepunguziwa posho. Na ilikuwapo njia moja rahisi ya kuifanya hesabu ile irudi kuwa chanya, nayo ni kutoiandika safari ya kurudi.

Mfano huu ni wa kukadiria, wala vita havikuendeshwa kwa wapagazi pekee. Kulikuwa na wanyama na magari, ingawa mbung'o waliwaua wanyama, na magari yalikwama katika matope. Lakini mwisho wake haukukadiriwa. Wapagazi waliokufa katika utumishi wa Waingereza peke yao ni zaidi ya 90,000, na wengi wao waliuawa na maradhi na uchovu kuliko risasi. Upande wa Wajerumani daftari ni haba zaidi. Watu wa Dar es Salaam hulitamka jina la kikosi chao kila siku waendapo sokoni Kariakoo, na wengi hawajui kwamba wanalitamka.

Nchi ile ile iliona hesabu ya namna hii mara ya pili. Kuanzia mwaka 1947 Serikali ya Uingereza iliazimia kulima karanga katika Tanganyika, kwa mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu, na Nachingwea ikawa moja ya mahali patatu palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kupanda bara. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, ukiwa umekula pauni milioni 36 hivi, na karanga zilizonunuliwa ziwe mbegu zikazidi zilizovunwa. Mavuno ya hasi! Reli yenyewe iling'olewa katika miaka ya mwanzo ya 1960. Mengi yameandikwa juu ya mpango huo na hakuna haja ya kuyarudia. Itoshe kusema kwamba mvua, aina ya udongo, na ujuzi wa wakulima waliokuwa wakiishi pale havikuwamo katika ukurasa wa kwanza wa hesabu, vikatokea katika ukurasa wa mwisho.

Mpinzani ana haki ya kusimama sasa. Atasema: ikiwa kila alama ya kutoa ni dalili ya kilichosahauliwa, basi mwanachuoni afute kila jibu la hasi na kuanza upya. Historia ya fizikia inamkataza. Mwaka 1928 Paul Dirac aliandika mlinganyo wa elektroni, nao ukatoa majibu mawili, moja la nishati chanya na moja la nishati hasi. Mtu mwingine angalilitupa la pili akasema kwamba halina maana. Dirac hakulitupa. Alisema kwamba huenda mahali tunapopaita patupu pamejaa elektroni za nishati hasi zisizoonekana kwa sababu zimejaa pote, na kwamba moja yao ikiondolewa litabaki tundu, na tundu hilo litaonekana kama chembe yenye umeme chanya. Mwanzoni alidhani tundu hilo ni protoni. Mwaka 1931 akasadiki kwamba lazima ni chembe mpya. Mwaka uliofuata Carl Anderson aliiona alama ya chembe hiyo, nayo ikaitwa pozitroni.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi ili kuwatetea wanaoamini tungamo hasi, lakini kikitazamwa vizuri kinatetea jambo jingine. Pozitroni ilipopatikana haikuwa na nishati hasi wala tungamo hasi. Tungamo lake ni sawa na la elektroni, na ni chanya. Alama ya kutoa ilikuwa imeashiria kweli kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekitia katika hesabu, na Dirac alikipata kwa sababu alikataa mambo mawili kwa pamoja: kuifuta alama ile, na kuiamini kama ilivyo. Kati ya hayo mawili, la pili ni gumu zaidi kwa vijana wenye bidii, na la kwanza kwa wazee wenye vyeo.

Majaribio ya karibuni yanafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walizipoza atomi za rubidi mpaka karibu na baridi ya mwisho kabisa, wakazitendea kwa mwanga wa leza, nazo zikaitikia msukumo kinyumenyume. Magazeti yakatangaza kwamba tungamo hasi limeumbwa. Lakini mwanga wa leza ulifanya pale kazi ile ile ambayo safu za atomi hufanya katika kinywe cha Ruangwa, na atomi yoyote ya rubidi ikitolewa humo ina tungamo lake la siku zote. Mwaka 2023 jaribio la ALPHA, katika maabara ya CERN karibu na Geneva, liliachilia atomi za hidrojeni kinzani ili kuona kama zitapanda au kushuka. Zilishuka. Ni kweli kwamba jiwe la Bondi nalo lingeshuka, lakini maada kinzani hujulikana tangu zamani kwamba huitikia msukumo kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo kushuka kwake kulikuwa na maana moja tu, kwamba huvutwa kama sisi.

Limebaki tungamo hasi la Bondi mwenyewe, lililo uchi, lisilo na safu za atomi wala leza nyuma yake. Hilo halijaonekana popote. Mwaka 1979 Richard Schoen na Shing-Tung Yau walithibitisha kwamba tungamo la jumla la mfumo uliojitenga haliwezi kuwa pungufu ya sifuri, na wengi hudhani kwamba mlango ulifungwa siku hiyo. Lakini uthibitisho wao una sharti: kwamba hapana mahali popote ndani ya mfumo ambapo nishati ni hasi. Yaani jumla haiwi hasi ikiwa hapana sehemu iliyo hasi kwa namna hiyo. Sharti lenyewe halikuthibitishwa. Liliwekwa, kwa sababu nzuri, na watu waliojua kwamba wameliweka. Mwenye kutaka kuliondoa ana ruhusa. Atakuwa na kazi ya kuonyesha kwamba katika ukurasa wake hakuna aliyesahauliwa.

Kwa upande wa Narung'ombe, daftari lilifunguliwa tena miaka 104 baada ya vita vile. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ikikiri kwamba wengi waliokufa katika utumishi wa Uingereza katika vita vya kwanza vya dunia, hasa watu wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda hawakukumbukwa kabisa. Idadi yao haikuweza kutajwa kwa hakika, kwa kuwa orodha hazikuandikwa au hazikutunzwa. Taarifa inasema kwamba si chini ya 116,000, na yaweza kufika 350,000. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni watu 234,000.